Umeme Unaporudi

Siku hizi ukikaa kijiweni utasikia watu wakizungumzia umeme kwa majigambo kidogo. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, na mwaka 2024 ilifika mahali vituo vingine vya maji vikazimwa kwa sababu umeme ulizidi matumizi. Kwa mtu wa rika langu, aliyejisomea kwa kibatari, habari hiyo ni tamu. Ila mimi ni fundi, na wateja hawaniletei megawati. Wananiletea friji lisilonguruma, televisheni yenye harufu ya kuungua na, tangu madaktari waanze kutuambia sote tutembee, mashine za kukimbilia zilizokufa zikiwa bado mpya, hata raba za mwenyewe hazijachakaa.

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu, anayekaa Mbezi, Dar es Salaam, alinipigia baada ya magharibi. "Shikamoo ami. Mashine yangu imelia pwaa, friji imezima, na kwa jirani taa zinawaka kama za uwanja wa mpira." Marahaba niliiweka kando, nikamwambia akazime swichi kubwa kwanza, ndipo tusalimiane.

Mashine ile aliinunua baada ya kujifungua mtoto wa pili, presha ilipokataa kushuka. Mtaa wao hauna pa kutembea mwanamke saa kumi na moja alfajiri. Aliinunulia na ekstensheni yenye kinga, ile ya kitaa cha kijani, wala si ya bei ya chini. Ndiyo maana swali lake lilikuwa na uchungu: mbona kinga nilinunua, na bado imeungua? Swali hilo nimeulizwa tangu nikiwa kijana wa kubeba vifaa dukani kwa ami yangu, Mkunazini, Unguja, na jibu lake nimelikusanya kwa vipande, kila kipande mahali pake.

Ami alikuwa na duka la mlango mmoja, la kutengeneza redio na televisheni. Mei 2008 Unguja nzima ikazimika. Kisiwa kilitegemea kebo moja tu, iliyolazwa chini ya bahari mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na hitilafu ilipotokea hapakuwa na njia ya pili. Giza lilichukua karibu mwezi mzima. Mafundi wenzetu walifunga milango, mmoja akarudi shamba kwao. Ami hakufunga. Alikaa barazani na kahawa yake, akawa anasema kazi inakuja, tusubiri umeme urudi.

Nilidhani anajifariji. Uliporudi, mji mzima ulipiga kelele za furaha, na asubuhi yake foleni ilianzia mlangoni petu. Watu walikuwa wameacha kila kitu kikiwa kimewashwa mwezi wote ule: pasi, feni, friji, pampu ya maji. Nyumba zote zikaanza kuvuta kwa pamoja. Umeme ukaja, ukazama, ukapanda, ukakatika, ukarudi tena baada ya dakika moja.

Mchezo huo kompresa ya friji haiuwezi. Ikizimika ghafla, gesi ya upande mmoja wa mabomba hubaki na mgandamizo mkubwa, na huhitaji dakika tatu hadi tano kujisawazisha. Ukiiwasha kabla ya hapo, mota inasukuma pasiposukumika, inavuta umeme mwingi bila kuzunguka, inapata moto, na waya zake zinaungua kwa ndani. Ndiyo sababu friji gadi ukiichomeka hukaa kimya dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme upite. Nimeshawaona watu wakiirudisha dukani siku hiyohiyo kwa madai kwamba ni mbovu, kumbe imefanya kazi waliyoinunulia.

Bibi mmoja alikuja na friji lake juu ya mkokoteni, akamwuliza ami, "Mwanangu, mwezi mzima halikufanya kazi. Limechoka na nini?" Tulicheka, naye akacheka. Kisha ami akamfundisha jambo ambalo nimelihubiri maisha yangu yote. Umeme ukikatika, chomoa vyote, uache taa moja ya sebuleni. Ukirudi, itazame taa hiyo. Ikitulia kwa muda wa kuchemsha chai, washa kimoja kimoja, friji mwisho. Vifaa vya kisasa vyenye tarakimu nyekundu vinavyouzwa Kariakoo havifanyi zaidi ya hapo: vinautazama umeme, vinasubiri, kisha vinafungua. Tofauti ni kwamba vyenyewe havilali wala havitoki kwenda harusini.

Desemba 2009 kebo ileile ikashindwa tena, na safari hii giza lilitufikisha Machi 2010. Sasa watu walikuwa wamejifunza kitu, au walidhani wamejifunza: kila mwenye uwezo alinunua kijenereta. Darajani hukuweza kusikilizana. Kwa fundi ulikuwa msimu wa aina yake, kwa kuwa jenereta ndogo huchelewa kujirekebisha. Ikiwa inabeba pasi na televisheni, ukachomoa pasi ghafla, injini inaruka kasi kabla haijajituliza, volti zinaruka nayo, na aliyebaki kwenye waya ni televisheni. Dawa yake ni ya bure. Washa jenereta ikiwa haina mzigo, ingoje itulie, ndipo uongeze vitu. Unapozima, toa vitu vyako vya thamani kwanza, pasi iwe ya mwisho. Wengi walifanya kinyume, kwani anayekwenda kazini huwaza pasi, na anayebaki huwaza taarifa ya habari.

Msimu huo ndipo nilipofungua mashine ya kukimbilia kwa mara ya kwanza. Hoteli moja ya pwani ya mashariki ilituita. Ilikuwa na chumba cha mazoezi kinachotazama bahari, na mashine tatu zimekufa zote. Meneja alitueleza kwamba wageni hukimbia asubuhi, na asubuhi hiyohiyo ndipo mlinzi anapogeuza swichi ya kubadilishia kutoka jenereta moja kwenda nyingine. Hakuna aliyemwambia angoje mashine zizimwe.

Tuliivua kofia ya mbele. Ndani mlikuwa na vumbi jeusi la mkanda, limelala kila mahali, na chini ya vumbi mota nene na bodi. Ami alilipuliza vumbi, akaelekeza tochi kwenye kidude cha rangi ya buluu, cha duara, si kikubwa kuliko shilingi, kilichopasuka katikati na kuacha alama ya moshi kwenye plastiki. "Huyu ndiye mlinzi," akasema. Mafundi tunamwita varista. Volti zikiwa za kawaida hukaa kando asipitishe kitu; zikiruka, anafungua njia na kuubeba ule mruko yeye, ili bodi ipone. Kila anapobeba, anachakaa kidogo, na hana namna ya kukwambia amebakiza nguvu kiasi gani. Mruko wa kufumba na kufumbua anauweza. Ukimshikisha volti nyingi kwa sekunde kadhaa mfululizo, anaungua, na baada yake zamu ni ya bodi.

Pembeni yake kapasita mbili zilikuwa zimevimba vichwa. Ami alinisomesha maandishi yake: volti 400. Akanieleza kwamba umeme wetu wa volti 230 ukishanyooshwa ndani ya mashine unafika kama 325, kwa hiyo aliyetengeneza ameacha nafasi, ila si kubwa. Hesabu hiyo niliihitaji tena baada ya miaka mingi, kule Mbezi.

Niseme pia jambo ambalo wauzaji hawalipendi. Katika mashine zile tatu, moja haikuuawa na umeme. Mkanda wake ulikuwa mkavu, haujapakwa mafuta ya silikoni tangu uondoke kiwandani, na mota ilikuwa ikivuta kwa nguvu kila mgeni mnene alipopanda, hadi bodi ikachoka. Mwenye nyumba akiona kitu kimekufa, husema umeme. Nimejifunza kupitisha mkono chini ya mkanda kabla sijakubali lawama hiyo.

Kebo ya pili ya Unguja, ya megawati 100, ilianza kazi mwaka 2013, na Mkunazini kazi ikapungua. Nikaenda Bukoba kufunga nyaya za nyumba. Huko adui alitoka juu. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na watu wake wanaiogopa kwa adabu: hawavai nguo nyekundu wingu likitanda, na kioo hufunikwa. Nilikuwa nafunga taa kwa bibi mmoja, mvua ikaanza. Akainuka, akafunika kioo cha kabati kwa khanga, akachukua khanga ya pili akafunika televisheni.

"Bibi, na plagi je?"

"Plagi ina nini, mjukuu wangu? Nimeshazima kwa rimoti."

Niliomba ruhusa, nikachomoa plagi, nikachomoa na waya wa dishi nyuma yake. Waya wa dishi watu huusahau, wakati wenyewe umeanzia juu ya paa, mahali pa kwanza pa kukutana na radi. Swichi ya ukutani haizuii chochote katika hali hiyo. Umeme uliovuka anga lote kutoka wingu hadi ardhi hautashindwa kuvuka upenyo mdogo ulio ndani ya swichi. Kinachozuia ni kukaa mbali, na plagi ikiwa sakafuni imekaa mbali.

Ukiacha kuchomoa, inabaki ardhi. Kinga ya kwenye ekstensheni, na hata ile kubwa inayofungwa kwenye ubao wa umeme yenye kidirisha cha kijani kinachogeuka chekundu ikishachoka, hutegemea kupata pa kuutupa mruko, na sehemu kubwa ya kutupia ni waya wa ethi unaoishia kwenye fimbo ya shaba iliyochimbiwa nje. Katika nyumba nyingi nilizoingia kule, fimbo haikuwepo. Nyingine ilikuwepo na waya wake umekatwa na kuuzwa kwa wanunua shaba chakavu. Nyingine fundi alichimbia kipande cha nondo chenye urefu wa mkono, ndani ya mchanga mkavu chini ya mabati, ili mkaguzi akipita aone kitu. Na hata ethi ikiwa nzima, tunaikata wenyewe ndani ya nyumba. Soketi zetu ni za matundu matatu, na tundu la juu ndilo la ethi. Kifaa kikija na plagi ya miguu miwili, tunachukua biro, tunaitia tundu la juu ili milango ifunguke, tunasukuma plagi, tunachomoa biro na kuendelea na maisha. Kifaa kinawaka. Ekstensheni ikichomekwa hivyo nayo inawaka, na kitaa chake cha kijani kinatuhakikishia jambo ambalo hakilijui.

Basi nilipofika kwa binti yetu Mbezi nilitarajia kukuta biro. Sikuikuta. Ethi ilikuwa nzuri, plagi ya miguu mitatu, na ekstensheni ilikuwa imeungua upande mmoja hadi plastiki ikayeyuka. Alifanya yote aliyoweza kuyafanya mtu ndani ya nyumba yake. Nikatoka nje, nikatazama nguzo.

Nguzo za mitaani kwetu hubeba nyaya tatu za fezi na moja ya nyutro. Nyumba ya kawaida hupewa fezi moja. Nyutro ni ya mtaa mzima. Kati ya fezi na nyutro ni volti 230. Kati ya fezi na fezi ni 400. Nyutro ikikatika, umeme ulioingia nyumba moja hauna njia ya kurudi isipokuwa kupitia nyumba ya mtu mwingine aliye kwenye fezi nyingine, na zile volti 400 wanagawana hao wawili kwa kadiri ya walivyowasha. Mwenye vitu vingi anapata chache, taa zake zinafifia. Mwenye taa mbili na friji anamwagiwa zilizobaki. Yaani aliyebana matumizi ndiye anayeunguziwa, na hilo bado linanikera hata baada ya kulielewa. Zikifika 400 kamili na kunyooshwa ndani ya mashine, zinakaribia 566. Kapasita ya 400, au hata ya 450, hapo hakuna mjadala. Na varista, aliyezoea miruko ya kufumba na kufumbua, alibebeshwa mzigo wa dakika nzima.

Kuna kifaa kinachofaa kwa balaa hili, nacho si ile ekstensheni. Ni kile cha kuchunga volti, kinachokaa kwenye ubao wa umeme na kuikata nyumba nzima zikipita kipimo ulichoweka, kisha kungoja dakika chache kabla ya kurudisha. Nilimfungia. Mashine ya kukimbilia nikaipa soketi yake yenyewe yenye waya mnene kutoka kwenye ubao, kwani kitu kinachovuta hivyo hakipaswi kushiriki ekstensheni na feni. Gadi ya televisheni nayo haikutengenezwa kwa mzigo huo. Ukiitaka gadi ya mashine, soma ampea zake, zisipungue 13. Stabilaiza ndogo, isiyouweza mzigo huo, nilimkataza kabisa. Na kuchomoa ukimaliza mazoezi hakuhitaji fundi.

Lakini nilipokuwa pale majirani walijaa uani, na mazungumzo yao ndiyo yaliyonifunza zaidi. Mmoja alisema taa zake zilikuwa zikififia na kuongezeka kwa wiki kadhaa. Alidhani ni balbu za bei rahisi, akabadilisha. Mama wa nyumba ya kona alisema kila jirani alipowasha birika, mwanga wa chumbani kwake ulizidi, naye akaona ni baraka. Kijana anayechomelea mageti alisema mashine yake ilikuwa ikikosa nguvu jioni. Taa kung'aa zaidi mwenzako anapowasha kitu kizito ni dalili ya nyutro inayolegea, na dalili hiyo ilikuwa imegawanywa nyumba kwa nyumba, kila mmoja ana kipande chake, hakuna aliyemwuliza mwenzake. Watu wa umeme walipokuja walipanda nguzo, wakakuta kiungo kimeoza, wakakifunga upya, wakaondoka kabla chai haijaiva.

Kwa hiyo nilipomjibu binti swali lake, nilimwambia ekstensheni yake haikuwa mbovu. Ilinunuliwa kulinda nyumba moja, na hatari ilikuwa kwenye waya wa watu wote. Kazi hiyo haiuzwi dukani. Inaanza na mtu kutuma ujumbe kwenye kundi la mtaa: kwangu taa zinacheza, kwenu je? Wakijibu watano, apigiwe simu mwenye nguzo usiku huohuo, na kabla hajafika kila mtu ashushe swichi kubwa yake.

Ujumbe wa namna hiyo sasa wanautuma. Mara mbili umekuwa wa bure: mara moja balbu ilikuwa mbovu kweli, mara nyingine mwenye nyumba alisahau kulipia. Hakuna aliyemcheka mwenzake, angalau si kwa maandishi.

Bodi ya mashine tuliibadilisha kapasita, varista na vipande vingine viwili, ikafufuka. Kazi ngumu imebaki kwa mama wa kona, ambaye ni mpangaji. Ubao wake hauna kinga, ethi yake ni nondo ya mkono mmoja, na televisheni iliyomwungulia usiku ule ilikuwa yake, wala si ya mwenye nyumba. Nilimpigia hesabu ya fimbo ya shaba, waya na kazi, akaipeleka kwa mwenye nyumba. Amejibiwa kwamba nyumba ilikuwa na umeme alipoingia, na umeme bado upo, sasa anataka nini tena.